Gari la kilomita 5,385 kwa lita lina nini ambacho langu halina?

Swali: "Mhandisi, nimesoma kwamba kuna chuo kikuu kilichounda gari la kutembea zaidi ya kilomita 5,000 kwa lita moja, na kwamba hata mwaka 1973 kulikuwa na Opel kuukuu iliyofikisha kilomita 160 kwa lita. Langu ni saluni ya kawaida, cc 1,800, na nikibahatika linanipa kilomita 11. Habari hizi ni za kweli? Kama ni za kweli, mbona hatuuziwi magari hayo? Halafu kuna jamaa ananishawishi ninunue sumaku ya kufunga kwenye bomba la petroli. Anadai nitapunguza matumizi kwa theluthi. Unasemaje?"

Jibu:

Habari zote mbili ni za kweli. Gari la kwanza linaitwa PAC-Car II, kazi ya chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi. Juni 2005, kwenye mashindano ya kubana mafuta katika njia ya majaribio ya Michelin, watengeneza matairi, huko Ladoux, Ufaransa, lilipewa matokeo ya kilomita 5,385 kwa lita. La pili ni Opel ya mwaka 1959 iliyofanyiwa marekebisho makubwa kwa ajili ya mashindano ya kubana mafuta ya kampuni ya Shell nchini Marekani, ikapata maili 376.59 kwa galoni, yaani kama kilomita 160 kwa lita. Anayesema ni uzushi amekosea. Anayesema ni ushahidi kwamba kampuni za magari na za mafuta zinatuficha kitu amekosea zaidi, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na ile 5,385, kwa sababu husomwa vibaya. PAC-Car II halikutiwa hata tone la petroli. Lilitumia haidrojeni, ambayo ndani ya seli maalumu huungana na oksijeni ya hewani na kutoa umeme wa kuzungusha mota. Waandaaji walipima haidrojeni iliyotumika, wakakokotoa ni petroli kiasi gani ingekuwa na nishati hiyo hiyo. Tena gari halikusafiri kilomita elfu tano. Lilizunguka umbali mfupi wa mashindano kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, kisha hesabu ikakuzwa hadi lita nzima. Hakuna udanganyifu hapo, ndivyo mashindano hayo yanavyopimwa. Ila usidhani kuna mtu aliyevuka bara zima kwa chupa moja ya mafuta. Ukitaka mfano wa injini inayounguza mafuta kama yako, tazama Microjoule, gari la wanafunzi wa La Joliverie huko Nantes, Ufaransa: mwaka 2009 lilifikisha kilomita 3,771 kwa lita. Bado ni maajabu.

Sasa, watu wakisikia tarakimu hizi hudhani siri iko kwenye injini, kwamba kuna injini fulani inayokamua petroli mara mia tatu zaidi ya yako. Haiwezekani. Lita moja ya petroli ina nishati ya takribani megajuli 32, na injini ya gari la kawaida, kwa wastani wa safari, hugeuza kama robo yake kuwa kazi ya kusukuma magurudumu. Kilichobaki kinapotea kama joto kupitia ekzosi na rejeta. Hata ukipata injini isiyopoteza kitu kabisa, jambo ambalo kanuni za fizikia haziruhusu, ungepata mara nne tu ya ulichonacho: kilomita 44 badala ya 11. Kutoka hapo hadi elfu tatu au tano hakutokani na injini. Kunatokana na kazi ambayo injini inatakiwa kuifanya.

Hebu tuikokotoe kazi hiyo. Gari kwenye barabara tambarare, likienda mwendo usiobadilika, linapambana na vitu viwili vikubwa: matairi yanayobonyea na kurudi kila yanapobingirika, na hewa inayotakiwa kusogea ili gari lipite. Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na waliomo. Tairi la kawaida hudai nguvu ya takribani asilimia moja ya uzito ulioko juu yake, kwa hiyo matairi manne yanakula newton 137 hivi (newton ni kipimo cha nguvu ya kusukuma au kuvuta). Hewa, kwa saluni ya umbo la kawaida kwenye kilomita 90 kwa saa, inadai kama newton 240. Jumla inakaribia newton 380. Ni kama kukokota kamba yenye mvuto wa kilo 39 mchana kutwa.

PAC-Car II lilikuwa na uzito wa kilo 29 hivi bila dereva, mwili wake ukiwa wa nyuzi za kaboni. Dereva alilala chali, miguu mbele, ili sura ya gari inayokabili upepo iwe ndogo: takribani robo ya mita ya mraba, wakati gari lako lina zaidi ya mita mbili za mraba. Umbo lake lilikuwa laini kiasi kwamba mgawo wa ukinzani wa hewa ulikuwa kama 0.075, ilhali magari mengi ya barabarani yako kati ya 0.25 na 0.35. Matairi yake yalikuwa maalumu ya Michelin, membamba, yaliyojazwa upepo mwingi sana, yanayodai chini ya sehemu moja kwa elfu ya uzito. Zidisha na ujumlishe yote hayo kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, unapata newton moja na nusu hivi. Weka nyingine kidogo kwa ajili ya beringi na pembe za njia. Mvuto wa gramu mia mbili, mia tatu. Kidole kimoja kingelisukuma gari hilo pamoja na mtu wake.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Wewe unadai newton 380, wao wanadai mbili au tatu. Injini zao ni nzuri, ndiyo, na zinaendeshwa kwa ujanja: magari mengi ya mashindano yanayounguza mafuta huwasha injini kwa sekunde chache, yakapata mwendo, kisha huizima kabisa na kuteleza mpaka mwendo upungue, ndipo iwashwe tena. Ujanja huo una maana kwa sababu injini ya petroli hufanya kazi vizuri ikipewa mzigo wa kutosha, na hupoteza sana ikinguruma bila kazi. Lakini bila ule uzito mdogo na ule umbo, ujanja huo ungekuletea nyongeza ya kawaida tu.

Ile Opel nayo ni hadithi hiyo hiyo. Mashindano yale yalianza mwaka 1939 huko Wood River, jimbo la Illinois, kama dau la kirafiki kati ya wanasayansi wa Shell waliotaka kuona gari la nani litakwenda mbali zaidi. Mshindi wa kwanza alipata kama kilomita 21 kwa lita, tarakimu ambayo leo gari dogo la haibridi, lenye injini na mota ya umeme, linaifikia bila shida. Kadiri miaka ilivyopita washindani waliacha kufanana na watu wanaosafiri. Opel ile ya mashindano ya 1973 ilivuliwa karibu kila kitu, ekseli ya nyuma ikafanywa nyembamba sana, magurudumu yakazungushwa kwa mnyororo, matairi yakawa magumu, na ikaendeshwa taratibu. Picha zake husambazwa kama gari lililofichwa. Halikufichwa. Hakuna ambaye angekubali kupanda nalo barabara kuu na watoto wake nyuma.

Na hilo linanileta kwenye swali lako la kwa nini hatuuziwi. Ukweli ni kwamba tumeshauziwa, na wengi wetu hatukununua. Mwaka 1999 Volkswagen walianza kuuza Lupo 3L, gari dogo la dizeli la kilo 830 hivi, lililopimwa kwa lita 2.99 kwa kilomita 100, zaidi ya kilomita 33 kwa lita. Walitumia alumini na magnesi kupunguza uzito. Uzalishaji ulikoma mwaka 2005. Mwaka 2002 Ferdinand Piëch, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, aliendesha mwenyewe gari la majaribio kutoka Wolfsburg hadi Hamburg kwa wastani wa lita 0.89 kwa kilomita 100. Lilikuwa na injini ya silinda moja, kilo 290, na abiria alikaa nyuma ya dereva kama kwenye pikipiki. Kutokana na jaribio hilo likazaliwa XL1, gari halisi lenye namba za usajili, lililotangazwa kwa lita 0.9 kwa kilomita 100. Yalitengenezwa 250 tu, kila moja likiuzwa kwa zaidi ya euro 100,000. Tena ile 0.9 ilisaidiwa na umeme uliochajiwa nyumbani. Betri ikiisha, dizeli inapanda hadi kama lita mbili. Ni kazi safi ya uhandisi, na binafsi nalihusudu, lakini lina viti viwili, na nyuzi za kaboni ni ghali mno kulinganisha na chuma cha kufyatuliwa kiwandani.

Gari lako limebeba vitu ambavyo uliviomba, au sheria iliviomba kwa niaba yako: vyuma vya kukulinda ukigongwa ubavuni, mifuko ya hewa, viti vitano, buti, kiyoyozi, injini yenye nguvu ya kupita lori mlimani. Kila kimoja ni uzito au ni upana. Watengenezaji wameboresha injini sana tangu miaka ya 1980, kisha sehemu kubwa ya faida hiyo ikaliwa na magari kuwa makubwa na mazito. Hapa mimi siwalaumu wao peke yao.

Haya, tuje kwenye gari lako. Huwezi kuliondolea kilo elfu moja, lakini hesabu ile ile inakuonyesha pa kubana.

Pa kwanza ni mwendo. Nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa gari la mfano wetu, kwenye kilomita 90 kwa saa jumla ilikuwa newton 380. Kwenye 110 inafika 500, na kwenye 120 inafika 570, nusu nzima zaidi. Matumizi hayapandi sawasawa na hapo, kwa sababu injini yenye mzigo zaidi hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kidogo, lakini anayeshuka kutoka 120 hadi 90 kwenye safari ndefu ataona tofauti kwenye geji bila kutumia kikokotoo. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa hiyo.

Ndani ya mji hewa haina neno, adui ni breki. Gari la kilo 1,400 kwenye kilomita 60 kwa saa limehifadhi takribani kilojuli 195 za mwendo. Ukikanyaga breki, zote zinageuka joto kwenye diski. Ili kuzirudisha, injini ya ufanisi wa robo itaunguza mililita 24 za petroli. Kwa hiyo kila mara arobaini unaposimama kutoka 60 na kuondoka tena, umelipia lita moja kwa kupasha breki moto. Ndiyo maana magari ya haibridi yanang'ara mjini: mota yao hugeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo na kurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri. Wewe usiye na mota una macho. Ukiona taa nyekundu mita mia tatu mbele, ondoa mguu kwenye mafuta sasa hivi, si ukifika. Acha nafasi kati yako na wa mbele ili usilazimike kumfuata kila anapokanyaga na kuachia. Wizara ya nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa papara, wa kukimbilia na kufunga breki, unaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za simama-ondoka. Ukiwa karibu na ile 40, hiyo ndiyo theluthi unayotaka kuinunua kwa sumaku.

Kuna jambo moja madereva wengi wenye uzoefu hawaliamini nikiwaambia. Ukiteremka mlima, usiweke gia huru. Kwenye gari la kabureta ilikuwa na mantiki fulani. Kwenye gari la sindano za kompyuta, yaani petroli hunyunyizwa na sindano zinazoongozwa na kompyuta, ukiachia mafuta gari likiwa ndani ya gia, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka gia huru, inabidi sindano zinyunyize ili injini isizime. Kwa hiyo unapoteza petroli na unapoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Na tafadhali, kuzima injini ukiteleza kama wale wa mashindano usijaribu barabarani: usukani unakuwa mzito, na kiongeza nguvu cha breki kinaisha baada ya kukanyaga mara chache. Kujibanza nyuma ya lori ili likukingie upepo nako kunafanya kazi kwa hesabu, na kunaua kwa vitendo.

Gari likisimama na injini inanguruma, unakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kutegemea injini na kiyoyozi. Kuizima na kuiwasha tena kunagharimu kama sekunde kumi za kunguruma, basi kama unamsubiri mtu, zima.

Upepo wa matairi: fuata kibandiko kilichoko kwenye mlango wa dereva, si ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo. Matairi yote manne yakipungua psi 10, unapoteza asilimia mbili hivi. Ni kidogo, lakini ni bure, na tairi lisilo na upepo wa kutosha huisha pembeni na hupata joto. Usijaze kupita kiasi kwa kuiga magari ya mashindano. Yao hayahitaji kushika barabara kwenye mvua.

Keria ya juu ya paa iondoe kama huitumii. Sanduku kubwa la juu kwenye mwendo wa barabara kuu linaweza kula asilimia 10 hadi 25. Kilo hamsini za takataka kwenye buti ni asilimia moja tu, kwa hiyo usijisumbue sana na spea na jeki, viache vilipo. Kuhusu chujio la hewa, fundi wako atakuambia chafu linakula mafuta. Kwenye kabureta ilikuwa kweli. Kwenye injini ya sindano, kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyoingia, hivyo chujio chafu hukunyima nguvu zaidi kuliko mafuta. Badilisha kwa ajili ya afya ya injini.

Siku ukibadilisha gari, kumbuka kwamba kilomita kwa lita ni kipimo kinachopotosha macho. Kutoka kilomita 11 hadi 14 kwa lita unaokoa karibu lita mbili kila kilomita 100. Kutoka 20 hadi 27, mruko unaoonekana mkubwa zaidi ya mara mbili, unaokoa lita 1.3 tu. Pindua hesabu kila mara: mia gawanya kwa kilomita zako, upate lita kwa kilomita 100, ndipo ulinganishe. Mwenye gari la kula sana ndiye anayefaidika zaidi na badiliko dogo, na wewe uko karibu na kundi hilo.

Sasa sumaku. Wauzaji wake husema inapanga molekuli ili petroli iungue vizuri zaidi. Injini nzima ya kisasa tayari inaunguza zaidi ya asilimia 97 ya petroli inayoingia. Kinachopotea ni joto, na joto hilo linatoka kwenye mafuta yaliyokwisha kuungua. Hata sumaku ingefanya muujiza na kuunguza kila kilichobaki, ungepata asilimia tatu, si thelathini na tatu. Hoja hiyo hiyo inamaliza habari za kabureta ya Charles Nelson Pogue, Mkanada aliyepata hataza katika miaka ya 1930 na ambaye hadi leo husemwa kwamba alifikisha maili 200 kwa galoni kwa kugeuza petroli kuwa mvuke kamili. Mvuke au matone, nishati ndani ya lita haibadiliki. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa mia moja vya kuokoa mafuta, vikiwemo vya sumaku. Vichache vilileta nafuu ndogo, vingi havikuleta chochote.

Lakini usiniamini mimi wala jamaa yako. Pima. Jaza tangi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea hadi tangi likaribie robo, jaza tena kwenye pampu ile ile mpaka ijikate, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Usitegemee tarakimu ya kwenye dashibodi, mara nyingi inakupendelea. Fanya hivyo kwa matangi matatu bila sumaku, matatu ukiwa nayo, kisha matatu tena umeitoa, njia zako zikiwa zile zile. Hatua ya mwisho ndiyo watu huruka. Anayefunga kifaa kipya huanza kuendesha kwa uangalifu bila kujua, akaona nafuu, akaisifu sumaku. Ukiitoa na nafuu ikabaki, ujue ni mguu wako. Mwambie jamaa akuazime sumaku kwa muda huo, ulipe baadaye matokeo yakimthibitisha. Kama anaiamini bidhaa yake, hatakataa.